Deki ya rili iliyolala stoo: namna ya kuiamsha bila kuua kanda

Deki ya rili, yaani mashine ya kurekodi na kucheza kanda za magurudumu, iliyokaa stoo miaka 20 haichomekwi kwenye umeme ili kuona kama inawaka. Hapo ndipo mashine nyingi hufia. Kapasita za zamani, vile vipande vinavyotunza umeme kwa muda, hupasuka, belti iliyogeuka lami hujizungusha kwenye mota, na kama mwenyewe ameshaweka kanda ya marehemu baba ili kujaribu, breki zilizolegea zitauvuta utepe na kuukata kabla mkono haujafika kwenye kitufe cha kusimamisha. Deki ikiharibika unaweza kuitengeneza tena, hata kama ni kwa kuua nyingine ili upate spea. Utepe uliovutika hauna fundi. Ndiyo maana kazi yote inayoelezwa hapa imepangwa kwa kuitazama kanda kwanza.

Na kanda za mji huu zinastahili uangalizi huo. Kabla ya kaseti kuenea, rili ndiyo iliyobeba sauti za Dar es Salaam. NUTA Jazz, Western Jazz na bendi nyingine za wakati ule zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zikahifadhiwa kwenye rili. Majumbani nako watu walirekodi harusi, maulidi, taarab na sauti za wazee. Kanda ya namna hiyo mara nyingi ni moja tu, haina nakala popote.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Ukiwa Upanga, Msasani au Kigamboni, hewa ya bahari inaingia ndani na chumvi yake. Unyevu huo ndio unaotia kutu kwenye chuma, unaogeuza swichi nyeusi, unaoingia ndani ya kapasita za karatasi na unaoivunja gundi inayoshika unga wa sumaku juu ya utepe. Ukishalielewa hilo, dalili nyingi utakazokutana nazo zitaanza kueleweka zenyewe.

Anza kwa kusoma kibao cha nyuma ya deki: volti na hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Deki ya soko la Japani hutaka volti 100, ya Marekani karibu 120, na hizo zinahitaji trafoma ya kushusha. Nyingi zilizotengenezwa kuuzwa nchi mbalimbali zina kiteuzi cha volti. Kikiwa na 220 na 240, weka 240, kwa sababu mashine ya zamani huvumilia upungufu mdogo kuliko ziada. Hezi ndizo husahaulika. Mota nyingi za deki hufuata hezi za umeme, hivyo mashine ya hezi 60 ukiipa 50 itatembea polepole kwa karibu asilimia 17, na trafoma haibadilishi kitu hapo. Tiba yake ni kubadilisha puli ya mota, au kuhamishia belti kwenye ngazi ya pili ya puli ikiwa mtengenezaji aliiweka. Revox A77, iliyotoka mwaka 1967, haina shida hiyo kwa kuwa mwendo wake unasimamiwa na saketi ya elektroniki.

Fungua kifuniko plagi ikiwa nje ya soketi. Deki iliyowashwa karibuni iache dakika 10, kisha pima kwa mita kapasita kubwa za pawasapulai, sehemu inayogawa umeme ndani ya deki. Zikiwa chini ya volti 5 endelea. Vuta vumbi kwa brashi laini, na uangalie vizuri pembeni. Mijusi na mende hupenda joto la trafoma, na kinyesi chao hula njia za shaba kwenye bodi. Kifute kwa isopropili, alkoholi ya kusafishia, na mswaki wa zamani.

Sasa tafuta kapasita. Za kuogopa zaidi ni zile za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki ya njano inayopitisha mwanga, zinazowekwa kwenye swichi ya umeme na kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) kuzuia cheche. Plastiki hiyo hupasuka nyufa za nywele, unyevu unaingia, na siku ikipewa volti 230 hulipuka kwa moshi mzito wenye harufu isiyotoka nyumbani wiki nzima. Usingoje ilipuke. Zitoe zote hata kama zinaonekana nzima, weka za filamu za daraja X2, yaani za kukaa kwenye umeme wa ukutani, volti 275 za AC, zenye uwezo uleule. Ikiwa kapasita ilikuwa na resista ndani yake, kama 0.1 µF (maikrofaradi, kipimo cha uwezo wa kapasita) na omu 100, weka resista nje mfululizo nayo, la sivyo migusano ya rilei itaungua.

Kapasita za mota nazo huchoka. Mota ya rili yenye kapasita iliyopungua haina nguvu: inazungusha rili tupu vizuri, lakini rili ikijaa inashindwa kurudisha utepe mpaka mwisho. Habari njema ni kwamba kapasita za feni ya dari zinazouzwa Kariakoo ni za aina ileile, zimetengenezwa kukaa kwenye umeme wa AC muda wote, na nyingi zina volti 400 au 450. Fuata uwezo ulioandikwa kwenye ya zamani, tofauti isizidi asilimia 10. Usiweke elektrolitiki ya DC, kapasita yenye upande wa chanya na wa hasi, mahali hapo hata ikiwa µF zinalingana, itapasuka. Kwa upande wa sauti na pawasapulai, badilisha elektrolitiki zilizovimba au zilizotoa maji, kwa µF ileile, volti sawa au zaidi, joto 105, na uangalie upande wa hasi kabla ya kutoa risasi. Kila kapasita mpya ipime kwa mita kabla ya kuichomelea. Sokoni zipo zilizoandikwa namba kubwa kuliko kilichomo.

Mara ya kwanza kuwasha, pitisha umeme kwenye balbu. Unganisha holda ya balbu mfululizo na waya wa moto unaokwenda kwenye soketi ya majaribio, weka balbu ya nyuzi ya wati 100, si ya LED. Ukiwasha deki, balbu itang'aa mara moja halafu ififie. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti, zima utafute. Ikififia, iache dakika 5 hadi 10 bila kubonyeza chochote, chomoa, kisha gusa trafoma. Uvuguvugu ni sawa; ikiwa huwezi kuishika, kuna kitu kinakula umeme. Usijaribu mota kwa njia hii, kwa kuwa balbu inashusha volti na mota hazitakuwa na nguvu.

Usafi wa njia ya utepe ndiyo kazi inayoleta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo kuliko zote. Dawa ni isopropili ya asilimia 99, inayopatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara na baadhi ya maduka ya spea za elektroniki. Spiriti ya duka la dawa ina maji, na nyingine ina rangi au mafuta. Kitakasa mikono kina gliserini inayobaki juu ya unachosafisha. Dawa ya kufutia rangi ya kucha huyeyusha plastiki. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kisidondoshe, na ufute hedi, vile vichwa vya sumaku ambavyo utepe hupita juu yake, kwa mwelekeo wa utepe: ya kufutia, ya kurekodia, kisha ya kusomea. Kijiti cha kwanza kitatoka kahawia iliyokolea, rangi ya unga wa sumaku. Badilisha, endelea mpaka kitoke cheupe. Uchafu ukigoma, laza kijiti chenye dawa juu yake dakika moja, uulainishe, kisha ufute. Kucha na bisibisi havigusi hedi. Usisahau kingo za chini za vipini vya kuongozea utepe. Hapo hujikusanya ukoko mwembamba usioonekana ukitazama kwa juu, na ukoko huo ndio unaouinua utepe upande mmoja na kufanya chaneli moja ififie na kurudi.

Ukishamaliza, angalia hedi kwa kurunzi. Utepe ukipita miaka mingi huacha eneo lililolika, na ukipitisha ncha ya kijiti cha mbao kutoka juu kwenda chini utahisi ngazi mahali ukingo wa utepe unapopita. Ngazi ndogo inavumilika. Ikiwa kubwa, utepe hautagusa hedi sawasawa na sauti kali zitapotea. Hedi za kioo na feraiti za deki za Akai GX haziliki kirahisi, lakini humeguka zikigongwa.

Kapstani, kile kipini chembamba cha chuma kinachoendesha utepe, ndicho kinachoamua mwendo kwa unene wake. Kwa hiyo msasa ni mwiko. Kutu nyepesi hutoka kwa kitambaa kigumu chenye isopropili huku ukikizungusha kwa mkono. Iliyochimba vishimo haina dawa zaidi ya kubadilisha. Kwenye Akai 4000DS angalia pia kama bushi inayovishwa juu ya kapstani ipo. Mashine hiyo hutembea sentimita 9.5 kwa sekunde bila bushi na 19 ikiwa nayo, na bushi hupotea mara kwa mara. Watu wamehangaika na mota nzima kumbe kinachokosekana ni kipande kidogo cha chuma.

Rola ya mpira inayobana utepe kwenye kapstani isafishwe kwa maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, ifutwe kwa maji matupu, ikaushwe. Isopropili huukausha mpira ikitumiwa kila mara. Mpira unaong'aa umeshakuwa mgumu na utateleza. Unaonata kidoleni umeanza kuoza, na hauponi. Kagua pia kama una bonde. Bonde hilo hutokana na jambo tunalolijua vizuri hapa: umeme kukatika. Kwenye mashine za mota moja zenye vitufe vya mekaniki, umeme ukikatika katikati ya wimbo kitufe hubaki kimebonyea na mpira hubaki umebanwa kwenye kapstani. Ukiachwa hivyo usiku kucha, asubuhi una bonde, na kila mzunguko wa rola utasikia sauti ikiyumba. Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kurudisha mashine kwenye kusimama, kisha uende kutafuta tochi.

Belti iliyoyeyuka itoe kwa glavu, kwa sababu weusi wake hautoki kwenye nguo wala ukuta. Futa puli zote kwa isopropili mpaka zisiache alama kwenye pamba. Kupata urefu wa belti mpya, zungusha uzi kwenye njia yote ya belti, pima, kisha punguza asilimia 5 hadi 8. Ikibana kupita hapo italemea beringi na mota. Ikilegea, mwendo utapungua kadiri rili ya kuvuta inavyojaa.

Mafuta ni machache mno. Tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine kwenye beringi ya kapstani na ya mota, yakiwekwa kwa sindano ya bomba, yanatosha. Mafuta ya kupikia huganda. Dawa ya kupuliza ya kufungulia nati si mafuta ya beringi. Hulainisha siku chache, ikikauka inaacha gundi. Girisi ya zamani kwenye mikono na kemu nayo hugeuka nta, na ndiyo sababu kitufe cha kucheza hugoma au hurudi polepole. Ikwangue kwa kijiti, ifute kwa isopropili, weka girisi nyeupe ya lithiamu kidogo sana. Kisha futa tena kapstani na rola, maana tone moja likifika hapo utepe utateleza.

Breki zinastahili muda. Kwenye deki za mota tatu, breki hushikwa na springi na kuachiwa na solenoidi (sumaku ya umeme), kwa hiyo umeme ukikatika rili zinafungwa moja kwa moja. Hiyo ni heri kubwa, ikiwa tu breki zinashika. Jaribu bila utepe: umeme ukiwa umezimwa, zungusha kila rili kwa mkono. Inatakiwa ishike zaidi ikizungushwa kuelekea kuachia utepe kuliko kuelekea kuuvuta, ili utepe usilegee wakati wa kusimama. Breki isiyoshika huwa na mafuta au vumbi kwenye kitambaa chake. Safisha ngoma ya breki kwa isopropili, na kitambaa kilicholowa mafuta kibadilishwe. Jaribio la mwisho lifanye kwa kanda isiyo na thamani: rudisha kwa kasi, kisha zima umeme ukutani. Utepe ukijikunja kitanzi au kukazika kama uzi wa gitaa, kanda za familia hazijaruhusiwa kupanda.

Swichi na vizungusho vya sauti vinavyokwaruza hutaka dawa ya kusafishia migusano, kiasi kidogo ndani ya swichi, kisha kuizungusha au kuisogeza mara 20 hadi 30. Swichi ndefu ya kurekodi na kucheza ndiyo mkosaji mkuu: fedha iliyo kwenye migusano yake hugeuka nyeusi, na chaneli moja hupotea, ukiigusa inarudi. Kwenye Revox za zamani vikinza (resista) vidogo vya kurekebishia huchakaa. Kabla ya kutoa kimoja, pima omu zake ili kipya ukiweke palepale.

Kisha ondoa sumaku. Hedi na vipini hujijaza sumaku kidogo kidogo, mlio wa shhh unaongezeka na sauti kali zinapungua kwenye kanda. Zima deki, weka kanda zote mbali, washa kifaa cha kuondolea sumaku kikiwa mita moja kutoka kwenye mashine, kisogeze polepole, pitisha mbele ya kila hedi, vipini na kapstani, kirudishe polepole sentimita 2 au 3 kwa sekunde mpaka mita moja, ndipo uzime. Umeme ukikatika kifaa kikiwa karibu na hedi, umeiachia sumaku zaidi ya ile ya mwanzo. Rudia kazi yote umeme ukirudi.

Sasa kanda. Kwanza jua ni ya nini: inua rili kwenye mwanga na uitazame ubavuni. Mwanga ukipenya kwenye mzingo, huo ni utepe wa asetati. Ukiwa giza, ni wa poliesta. Asetati hukatika kwa ukingo safi, na inayonuka siki imeshaanza kuoza. Irekodi upya mapema. Poliesta haikatiki kirahisi, ila huvutika, na baadhi ya tepe za miaka ya 1970 mpaka 1990, kama Ampex 406 na 456, zina gundi inayovunjwa na unyevu. Dalili zake ni mlio wa kukwaruza kwenye hedi, utepe kusimama, na matope ya kahawia. Simamisha hapohapo. Kanda hizo huokwa kwenye kikaushio cha umeme cha matunda chenye joto linalosimamiwa, nyuzi 54 za Selsiasi, saa 8 au zaidi, ukiigeuza katikati, kisha iachwe ipoe muda uleule. Oveni ya gesi, jiko la mkaa na jua la uani haviwezi kushika joto hilo bila kupanda. Asetati haiokwi kamwe. Na kwa unyevu wetu, kanda iliyookwa ichezwe na kunakiliwa ndani ya siku chache.

Ukiona madoa meupe ya ukungu ubavuni, usiiweke kwenye mashine. Utaambukiza nyingine zote. Ifunge kwenye ndoo isiyopitisha hewa pamoja na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, siku kadhaa mpaka ukungu ukauke, kisha isafishe nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umevaa barakoa. Viungo vya zamani ambavyo gundi imekauka viunganishwe upya kwa utepe maalumu wa kuungia, kwa pembe ya nyuzi 45. Selotepu hutoa gundi pembeni na kuunganisha mizingo.

Kanda za rili hazina kile kikono cha kuvunja cha kaseti, hivyo hakuna kinachozuia kufuta kwa bahati mbaya. Zima swichi za kurekodi za chaneli zote mbili kabla ya kupandisha kanda. Jua pia upana wa njia, yaani mistari ya sauti iliyorekodiwa sambamba kwenye utepe: ukicheza kanda ya njia nne kwenye hedi ya njia mbili, utasikia upande wa pili ukiimba kinyumenyume ndani ya wimbo. Kanda ya mono ya njia moja pana itasikika kwenye deki ya njia nne, ila kwa mlio wa shhh zaidi.

Kinachobaki ni asimathi, yaani wima wa hedi dhidi ya utepe. Weka alama ya rangi kwenye skrubu kabla ya kuigusa, ili uweze kurudi. Cheza kanda, unganisha chaneli mbili ziwe mono, na usikilize matari, kayamba au herufi s za mwimbaji. Geuza skrubu ya asimathi kwa robo ya robo ya mzunguko. Sauti itafunguka ghafla, kisha ikipita itaziba tena; rudi mahali palipofunguka. Usiguse skrubu ya kimo. Kila kanda ina wima wa mashine iliyoirekodi, kwa hiyo rekebisha upya kwa kila boksi.

Rekodi kwenye kompyuta tangu mara ya kwanza inapocheza, kwa biti 24 na kilohezi 96, ukichukua sauti kwenye tundu la laini, kiwango cha juu kikibaki chini kidogo ya kikomo. Kama chumba kina kiyoyozi, kanda iliyotoka nje ikae humo ndani ya boksi lake saa kadhaa kabla ya kufunguliwa. Ikimalizika usiirudishe kwa kasi: iache upande wa mwisho ukiwa nje, imejizungusha kwa mwendo wa kuchezea, iandike kwenye boksi kwamba iko mwisho, na isimamishe wima kwenye rafu pamoja na silika jeli kavu.